Semina imekwisha, cheti unacho: sasa mjuzi wa viumbe anajiendelezaje Unguja na Pemba?

Kila baada ya muda hupita tangazo katika makundi ya WhatsApp ya huku kwetu: mafunzo ya siku tatu ya uhifadhi, vijana kutoka shehia kadhaa, chakula cha mchana kipo, cheti kitatolewa. Hazipiti dakika kumi maswali yanamiminika. Cheti hicho kinaombea kazi? Posho ni kiasi gani? Aliyeishia kidato cha pili anachukuliwa? Mimi nilipata kama hicho mwaka juzi, mbona bado siruhusiwi kutembeza wageni? Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni hili: siku ya nne itakuwaje?

Nimejitolea kwenye mikoko na misitu ya Unguja kwa miaka kadhaa, na nimeona vijana wazuri wakivunjika moyo kwa sababu mambo tofauti yamefungwa katika kanga moja. Tuifungue.

Nianze na maneno. Mjuzi wa viumbe ninayemkusudia ni mtu anayeijua mimea, ndege, wanyama, samaki na maji ya mahali pake, anayetazama kwa makini, anayeandika alichokiona na kuwaeleza wenzake. Wengi humwita mwanamazingira, lakini neno hilo limetanuka mno. Linamchukua hata anayeokota chupa ufukweni, kazi njema ambayo haihitaji ujue tofauti ya mchu na mkandaa, miti miwili ya jamii ya mikoko. Wa kujitolea ni yule ambaye riziki yake haitoki humo. Akipewa nauli na chai bado anajitolea. Akiajiriwa kuwa mlinzi wa msitu, hapo amekuwa mfanyakazi, na masharti yake ni mengine.

Mafunzo ya awali ndiyo yanayokuingiza: semina, warsha, siku mbili tatu za darasani na msituni. Kujiendeleza ni yote yanayofuata baada ya hapo. Anayeijua mashua ataelewa haraka. Fundi akishaiunda na kuishusha majini, kazi haijesha. Kila baada ya muda hupandishwa pwani, hutiwa kalafati kwenye maungio ya mbao na kupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Mashua isiyorudiwa kalafati itavuja tu, hata ikiwa imeundwa na fundi hodari kuliko wote. Semina ni kuunda mashua. Kujiendeleza ndiyo kalafati.

Karatasi tatu

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, kwa hivyo tuende taratibu.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha kuhudhuria. Kinasema ulikuwepo, basi. Ni kama kadi ya harusi: inaonyesha ulialikwa, haikufanyi bwana harusi. Si kitu cha kudharauliwa, kwa sababu kinasaidia unapoomba nafasi ya mafunzo mengine, lakini hakuna aliyekupima.

Ya pili ni cheti cha masomo. Hiki hutolewa na chuo kilichosajiliwa baada ya kusoma kwa muda uliopangwa na kufanyiwa mtihani. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, kiko hapa hapa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina vituo Unguja na Pemba na kinamfaa mtu mwenye kazi na watoto, kwa sababu mtu husoma akiwa kwake. Anayetaka kuifanya kazi ya wanyamapori kuwa ajira yake ya maisha hutazama Mweka, chuo kilichopo Kilimanjaro tangu 1963. Njia hizi zina ada, zina sifa za kujiunga na zinachukua muda. Ni njia nzuri, ila si lazima kwa anayetaka tu kuujua msitu wa kijijini kwake.

Ya tatu ni leseni au kibali. Hii haisemi unajua nini, inasema umeruhusiwa kufanya nini. Kutembeza wageni kwa malipo kunahitaji leseni, na hilo liko chini ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Ndiyo maana yule kijana mwenye cheti cha semina hawezi kusimama na wageni katika msitu wa Jozani akajiita muongozaji. Hajaonewa. Ameshika karatasi ya kwanza anaulizwa ya tatu.

Kujiendeleza kwenyewe hakumo katika karatasi yoyote kati ya hizo tatu. Unaweza kuwa nazo zote na ujuzi wako ukawa umechakaa, na unaweza usiwe na hata moja ukawa kila mwezi unajua zaidi ya mwezi uliopita.

Vijiti vilivyokauka

Nilielewa jambo hili kwa gharama. Miaka michache nyuma tulikusanywa kwenye kijiji kimoja cha Ghuba ya Chwaka kupanda mikoko. Asubuhi ilikuwa darasa, mchana vitendo. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, kisha hudondoka ikiwa kijiti kirefu cha kijani, kama kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Tukafundishwa namna ya kukichomeka na mwanya wa kuacha. Tukapanda safu baada ya safu, zimenyooka kama saumu kwenye tuta. Picha zikapigwa, vyeti vikagawiwa, tukapanda gari.

Nilirudi peke yangu baada ya miezi mitatu. Vijiti vilikuwa vimesimama pale pale, vimekauka kama kuni. Nilichomoa kimoja, chini hakikuwa na mzizi hata mmoja. Nilikuwa nimekishika vile nilipopitwa na bibi mmoja anatoka pwani, pakacha la chaza mkononi, kanga imefungwa magotini. Nikamwamkia, akaitikia, akavitazama vile vijiti.

"Mwanangu, hapa maji hayafiki ila bamvua kubwa," aliniambia, akikusudia yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. "Mtoto wa mkoko anataka kunywa kila siku. Hapa pa mkandaa."

Maneno yake machache yalibeba somo zima ambalo siku ile halikufundishwa. Miti ya mikoko haikai ovyo. Kwa nje kabisa, panapopigwa na bahari, husimama mlilana. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kutambaa kama miguu ya kaa, hushika katikati, penye tope linalofunikwa na maji mara kwa mara. Mkandaa hurudi nyuma, kuelekea nchi kavu. Mchu ni mvumilivu, unaweza kuukuta mbele na nyuma. Mti ule ule ukiusogeza hatua hamsini, umeuua.

Bibi hakuishia hapo. Alichuma jani la mchu, upande wa juu kijani na wa chini rangi ya fedha, akanipa. "Ramba." Nikaramba. Chumvi tupu. Sikujua sababu yake mpaka mwaka uliofuata, nilipomsikia mtaalamu wa bahari akieleza kwamba mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi isipite kwenye mizizi, na mchu huiachia kiasi iingie kisha huitoa kwenye majani kama sisi tunavyotoa jasho. Bibi alinipa ladha, mtaalamu akanipa sababu. Kama ningempata mmoja tu kati yao, ningelikuwa na nusu ya somo.

Simlaumu aliyetufundisha kuchomeka. Alisema kweli kwa saa alizopewa. Kilichokosekana ni siku ya nne: mtu wa kurudi nasi pale baada ya bamvua moja, tukatazama, tukauliza kwa nini huu umelegea na ule umesimama.

Ujuzi nao huchakaa

Kuna sababu nyingine ya kuendelea kusoma ambayo watu hawaifikirii: mambo yenyewe yanabadilika, au yanajulikana vizuri zaidi. Chukua kima punju wetu, yule mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizouzunguka uso, ambaye haishi porini popote duniani ila hapa Zanzibar. Aliyefundishwa zamani alifundishwa idadi ndogo. Hesabu ya kwanza ya kisiwa kizima, iliyotangazwa mwaka 2017, ilikuta zaidi ya 5,800, takriban mara tatu ya ilivyodhaniwa. Bado yuko hatarini, lakini anayewaeleza wanafunzi kwa kijitabu cha miaka ishirini nyuma anawapa habari iliyokufa.

Huyu huyu kima ana mzigo mwingine. Punju ni sumu, na jina hilo limemfuata na maneno mengi, kwamba anaharibu miti, kwamba anamaliza nazi. Wenye minazi karibu na Jozani walilalamika kwa miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulilitazama hilo na ukakuta kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: palipoliwa vidaka, yaani nazi changa, vingi zaidi, nazi zilizovunwa hazikupungua, bali zilikuwa nyingi zaidi. Maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni kwamba mnazi hutoa vidaka vingi kuliko utakavyoweza kuvilea, na kima anavipunguza kama mkulima anavyopunguzia miche. Habari kama hii ina faida kwa mwenye shamba, kwa kima na kwa anayetaka kusuluhisha baina yao. Lakini haitakufuata nyumbani. Inabidi uitafute, na mwaka hadi mwaka zinatoka nyingine.

Pemba wana mfano wao, popo mkubwa wa Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alihesabiwa kuwa yu karibu kutoweka kabisa, kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu. Vijiji vilipoanza kulinda miti wanayolala, kama pale Kidike, wakarudi kwa maelfu. Waliolinda hawakuwa na shahada. Walifundishwa kuhesabu, wakahesabu, wakarudia.

Milango iko wapi?

Mlango wa kwanza uko kijijini, na ndio ninaouamini kuliko yote. Kamati za uvuvi na za misitu za shehia zina kazi ambayo ni darasa kamili. Penye utaratibu wa kufunga miamba ya pweza, kama Kisiwa Panza kule Pemba, siku ya kufungua kuna mizani na kuna daftari. Anayeshika daftari lile miaka miwili atajua mambo ya pweza ambayo hatayapata darasani. Muone sheha au mwenyekiti wa kamati, mwambie unataka kusaidia kuandika. Watu wa kuandika siku zote wanatafutwa.

Wa pili ni hifadhi zenyewe. Jozani na Ghuba ya Chwaka imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004, na pale Pete kuna njia ya mbao inayokupitisha katikati ya mikoko bila kuzama topeni. Kisiwa cha Chumbe kimehifadhiwa tangu 1994, na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu waliofundishwa papo hapo kazini. Wanafunzi wa skuli zetu hupelekwa kujifunza matumbawe. Pemba kuna msitu wa Ngezi na kisiwa cha Misali. Usiende kama mgeni wa siku moja. Nenda mara kwa mara, julikana kwa jina, uliza kama kuna zoezi la kuhesabu au kusafisha njia. Mafunzo mengi mazuri hayatangazwi popote. Huambiwa yule ambaye yuko.

Wa tatu ni watafiti. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja tangu 1978. Ukitaka kuona kujiendeleza kwa kweli, watazame wakulima wa mwani. Kilimo hicho kilishika Paje na Jambiani kuanzia mwaka 1989, na wengi wao ni wanawake. Maji ya kina kifupi yalipozidi joto na mwani wa bei nzuri kuanza kufa, walikaa na watafiti wakajaribu maji ya kina kirefu, wakajaribu namna nyingine za kufunga kamba, wakajifunza kutengeneza sabuni na unga. Hakuna aliyewaambia kwamba hiyo ni elimu ya kujiendeleza. Kwao ilikuwa ni kuokoa riziki.

Wa nne uko mfukoni mwako. Programu ya iNaturalist, iliyoanza 2008, na ile ya ndege ya eBird, iliyoanza 2002, hutumika bure. Kwenye iNaturalist unapiga picha ya kiumbe, unaiweka pamoja na tarehe na mahali, kisha watu wengine, pengine wa mbali kabisa, wanasema wanaona ni nini. Hapo haitoshi sauti moja. Lazima wapatikane angalau wawili, na zaidi ya theluthi mbili ya waliosema wawe wameafikiana, ndipo kumbukumbu yako ihesabiwe kuwa ya kufaa utafiti. Ni kama kuandama kwa mwezi: hutosheki na mtu mmoja aliye juu ya paa.

Nina onyo moja. Programu hizi huficha mahali halisi pa baadhi ya viumbe walio hatarini. WhatsApp haifichi. Ukimuona paa nunga, ambaye anawindwa, usitume kwenye kundi picha na jina la kichaka. Mwenye mbwa na nyavu naye yumo kundini.

Yanayosemwa, na yalivyo

Wanasema bila Kiingereza huwezi. Si kweli. Majina ya kitaalamu ya viumbe si Kiingereza, ni ya Kilatini, na Mwingereza naye huyakariri kama wewe. Yanayobaki, yaani kutazama, kulinganisha, kuandika, yanafanyika kwa Kiswahili safi. Tena sisi tuna kazi ya ziada inayotungoja: muia wa shehia moja ni msinzi wa nyingine, mti ni ule ule. Kuyakusanya majina hayo kabla wenyewe hawajaondoka ni kazi ya mjuzi wa viumbe anayezungumza lugha hii, na hakuna mwingine atakayeifanya.

Wanasema simu inatosha, mzee wa nini. Simu hukuambia mti huu ni nani. Haikuambii kwamba maji hapa hayafiki ila bamvua kubwa. Wapo pia wanaosema kinyume, kwamba wazee wanajua yote. Wazee wetu walijua bahari iliyokuwepo; joto hili la sasa ni geni kwao pia, na wengi wao wenyewe watakwambia hivyo ukiwauliza kwa adabu.

Kuhusu posho nitasema wazi. Kumlipa mtu nauli na chakula ni haki, hasa mama aliyeacha mwani wake akaja kusikiliza. Ubaya unaingia pale mafunzo yanapochaguliwa kwa bahasha, mtu akahudhuria semina tano za jambo lile lile na asiukanyage msitu hata mara moja.

Na wapo wanaosema hawana muda. Texas, Marekani, kuna mpango wa wajuzi wa viumbe wa kujitolea ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtu husoma kwanza, saa 40 au zaidi, na ili cheti chake kiendelee kuwa hai hutakiwa kila mwaka ajitolee saa 40 na asome saa 8 mpya. Cheti chao kinakufa kisipotunzwa, jambo ambalo ningependa hapa kwetu tuliige. Saa 8 kwa mwaka si nyingi. Maji yakipwa vizuri, mtu hukaa pwani saa tatu au nne. Ni bamvua mbili au tatu tu, na mwezi mmoja huja na bamvua mbili, moja mwezi unapoandama na moja unapokuwa mpevu.

Daftari langu ni la kawaida, la skuli, la mistari. Kila ukurasa una tarehe, mahali, hali ya maji, nilichokiona, na nisichokijua, na hili la mwisho nimeliachia nafasi kubwa kuliko yote, kwa sababu ndilo ninalokwenda nalo kwa bibi, kwa mtafiti au kwenye simu. Pale palipokauka vijiti vyetu tulipanda mikandaa, mashimo akiyachagua yule bibi. Bamvua iliyopita niliandika: safu ya chini, miche sita imetoa majani mapya, miwili imekatwa na kaa. Kwenye nafasi ya nisichokijua nimeandika: kaa yupi, na kwa nini hakuigusa safu ya juu?